Flashi ya Bosi

Mwenzangu, nimefuta flashi ya bosi. Mbele ya idara nzima.

Ile draiva ya USB, programu ya kusomea flashi, niliyoiandikia kernel yetu, kile kiini cha mfumo wa kompyuta, kwa miezi minane, leo ndipo nilikuwa naionyesha. Nilileta flashi yangu tupu. Bosi akasema, "Chomeka yangu."

Nikachomeka. Skrini ikaganda. Kuwasha upya, flashi haina kitu.

Akasema polepole, "Humo mna picha za mwisho za marehemu mama."

Za mama yake.

Nikamwambia ukweli, kwamba kuna jaribio moja la draiva nililiruka kwa uvivu.

Akasema, "Nakala ninayo nyumbani. Mteja hatakuwa nayo. Kaa uliandike hilo jaribio."

Ndilo ninaloliandika sasa. Yeye kavuta kiti, kakaa nyuma yangu.