Pingamizi la Kurasa Nne

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimekuachia na kwamba dawa unainywa, si kuipanga tu dirishani. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo kwa kazi, lakini usianze kumwambia kaka kwamba sili. Nakula.

Tangu Bunge lipitishe kwamba majimbo yajiamulie yenyewe mambo ya shule, hospitali na barabara, ofisi yetu ya ramani haipumui. Kila jimbo linataka kujua linaanzia wapi na kuishia wapi. Mkuu wetu wa kitengo, mama mpole ambaye sijawahi kumsikia akifoka, wiki iliyopita alifoka mara mbili.

Sasa habari yenyewe. Pingamizi lako la kuupinga mpaka mpya limefika, lile la kurasa nne, kwa ule mwandiko wako wa ubaoni. Karani wa masjala alilisoma kwa sauti na chumba kizima kikaacha kazi. Walicheka uliposema nchi inakatwa na fundi mwenye mkasi asiye na sindano. Karani alishusha sauti alipofika uliposema kwamba kwa miaka thelathini na minne uliwafundisha watoto kuchora nchi moja bila kuinua kalamu, na kwamba hutaki kufa ukiwa mgeni kwa ndugu zako wa ng'ambo ya mlima. Mkuu akasema mzee huyu lazima asikilizwe. Niliona fahari mpaka nikajifanya natafuta rula chini ya meza.

Kisha ikaja ile sehemu ya mchoraji. Ulisema ama ni kipofu ama hana kwao, maana mstari wake umeiacha shule jimbo hili na nyumba za walimu jimbo lile, hata mwalimu akisahau chaki itabidi avuke mpaka kuifuata. Wenzangu walicheka tena. Mimi sikuweza.

Baba, kaa kitini kwanza. Mchoraji huyo ni mimi. Karatasi zetu haziandikwi majina, ndiyo maana hukujua, na mwaka mzima uliponiuliza nachora nini nilikujibu kwamba nachora barabara. Nilikuogopa. Wala sikulazimishwa. Niliomba mwenyewe nipewe jimbo letu, kwa sababu nayataka majimbo haya. Unakumbuka gari la wagonjwa lilivyokaa juu ya mawe wakati mama anaugua? Tairi zilikuwa dukani, mkabala na zahanati, ila kibali cha kuzinunua kilikuwa makao makuu. Kilirudi na sahihi zote, mama akiwa ameshazikwa miezi miwili. Wewe ulisema ni mapenzi ya Mungu. Mimi sikuweza kusema hivyo, na sijaweza hadi leo.

Lakini kuhusu shule umesema kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Nilichora kwa picha zilizopigwa kutoka angani, bila kuja huko. Niliona paa refu jipya nikadhani ni banda la kuku. Miaka saba nilisoma pale, wewe ukiwa mbele yangu na chaki mkononi, na sikuitambua shule yangu. Nawalaumu watu wa makao makuu kwa kuwaamulia watu wasiowaona, kumbe nami nilikaa papa hapa nikafanya yale yale.

Kikao cha kusikiliza mapingamizi ni tarehe kumi na mbili. Mlalamikaji husimama kwanza, kisha mchoraji husimama kumjibu. Sikutaka ugeuke ukumbini ndipo unione. Nilipomweleza mkuu kwamba mlalamikaji ni baba yangu, aliniambia naweza kumwachia mwenzangu asimame badala yangu, nikakataa. Kuhusu shule nitakiri kosa mbele ya watu wote. Kuhusu mengine nitakupinga, Baba, kwa adabu yote uliyonifunza. Nawe nipinge kwa sauti yako yote, usinihurumie. Ukinihurumia nitajua.

Msalimie sana kaka, na wifi umwambie barua hii si ya kusomewa majirani. Nakuombea safari njema ya kuja huku. Ngazi za ukumbi ule ni ndefu na hazina pa kujishikiza. Kikao kikiisha ningependa nikushike mkono tushuke pamoja. Ukiukataa mkono wangu nitaelewa, nitashuka nyuma yako, polepole, mpaka chini.

Ni mimi kitindamimba wako,
nikupendaye.