Jiwe la Bluu Lenye Mkanda wa Kijani

Arusha, 14 Januari 2024

Dada Ursula,

Shikamoo. Natumaini wewe na watoto hamjambo, na mpunga wa Katindiuka haujazidiwa na maji. Mimi mzima, ila vidole vina malengelenge ya kusugua mawe chuoni. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Wiki hii mwalimu ametuwekea mezani mawe mawili ya vito: malakiti ya kijani na azuriti ya bluu. Dada, bluu ile ni ile ile ya jiwe ambalo marehemu baba alitoka nalo Zambia enzi zake za reli. Mawe haya ni ndugu wa damu. Yote ni shaba iliyoungana na kaboneti, yote ni laini hata kisu kinayachora, na yote yanaogopa moto na asidi. La kijani ni zito kidogo zaidi, na lina mistari kama ya mbao iliyorandwa. La bluu ukilikwangua kwenye kigae linaacha unga wa bluu. Nimeyatazama mpaka darasa likabaki tupu.

Halafu mwalimu akasema kwamba huko ardhini bluu hugeuka kijani polepole, na mara nyingi hukutwa zote kwenye jiwe moja. Siku ya kumaliza matanga ya baba niliona jiwe lina mkanda wa kijani, nikasema mbele ya shangazi zetu wote kwamba umeuza la kweli ukaweka bandia. Nilikosea, na miaka miwili nimeishi na kosa hilo nikijiona nina haki. Nisamehe.

Mdogo wako,
Justa

Katindiuka, Ifakara, 20 Machi 2024

Mdogo wangu Justa,

Marahaba. Sisi wazima, mvua tu ndiyo haitupi nafasi. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya aibu, si hasira.

Jiwe sikuuza. Lakini sina usafi huo unaonipa. Asubuhi ile ya matanga nilitaka jiwe la baba ling'ae mbele ya wageni, nikalisugua kwa ndimu na majivu kama tunavyosugua sufuria. Likatoa povu. Nikafurahi nikidhani uchafu unatoka, nikaongeza ndimu. Kuja kulisuuza, bluu imefifia na kijani kimetokea.

Uliponishutumu nikanyamaza. Niliona afadhali niitwe mwizi kuliko kusema nimeharibu kitu ambacho baba alikishika kila Jumapili baada ya misa.

Nakutumia jiwe kwa basi, nimelifukia kwenye mchele. Kama limekufa, niambie ukweli.

Dada yako,
Ursula

Arusha, 6 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Mchele tumeula bweni zima, na harufu yake imenitoa machozi.

Povu lile lilikuwa jiwe lenyewe likiyeyuka, ila ulivua ngozi tu. Nimelisugua wiki tatu kwa mkono, taratibu, na sasa linang'aa kuliko tulivyolijua. Mkanda wa kijani ulikuwamo ndani tangu Zambia, baba hakuwahi kuuona. Wewe ndiye uliyeufungua.

Mwalimu aliligeuzageuza kwenye mwanga. Kisha akaniambia, "Likate vipande viwili, utapata hereni ambazo hazina mfano." Nimekataa. Ni zuri kwa sababu rangi zake mbili zimeshikana. Nalirudisha kwako, na sitaki tena kuuliza ni la nani.

Mdogo wako,
Justa

Katindiuka, 29 Juni 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Jiwe limefika salama. Niliwaita shangazi zetu wale wale, nikawasomea barua yako ya kwanza, halafu habari ya ndimu nikawaambia kwa mdomo wangu. Shangazi Angelina alicheka mpaka akakohoa, kisha akalia. Wakapokezana jiwe, kila mmoja akilielekeza kwenye mwanga wa mlango. Walikusifu sana, nami nikaona fahari.

Sasa liko juu ya kabati, ndani ya kofia ya baba ya reli. Watoto nimewaambia ndimu ziishie jikoni.

Wiki ijayo tunavuna. Leo ukipiga simu, nitapokea.

Dada yako,
Ursula