Upande wa Mtaro

Makadara, Nairobi
Jumatatu jioni

Mama yangu, mwaitu wangu mpendwa,

Kabla ya yote nakuuliza kifua. Kile kikohozi cha asubuhi kimekuachilia, au bado unakificha ukiulizwa? Na mvua imefika huko kwetu, ama mbaazi zimekauka na maua yake? Mimi ni mzima, ninakula na ninalala. Kule mahakamani bado nimeandikwa kwa muda tu, na bado ninashtuka kila mara karani mkuu akiita jina langu, lakini hadi leo huniita kunituma faili tu. Nimeona nikuandikie kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ungesikia neno “kesi” ukaanza kulia kabla sijamaliza. Tulia, mama. Ni kesi ya mpira.

Unamkumbuka Wekesa, yule seremala kutoka Bungoma aliyenipa nusu ya chumba chake nilipofika hapa sina pa kulala. Kazi yake ya Gikomba alipewa na mfadhili wa timu ya mtaa wetu kwa sababu anacheza kiungo. Akitoka kwenye timu, nafasi yake ya karakana anapewa mchezaji mwingine, naye anarudi kwao. Mimi ningebaki Nairobi hii peke yangu. Nilikuwa nikiliwaza hilo hata ugali haushuki.

Sababu ya kuliwaza ni hii. Kila Jumapili baada ya mechi, mashabiki hukaa kwenye mawe nje ya kinyozi na kuendesha kitu wanachokiita mahakama. Njoroge mwenye kinyozi ndiye hakimu, kwa kuwa jiwe lake lina mgongo wa kuegemea. Ni mchezo, lakini una meno: hao hao ndio wanaochangia mipira na jezi, kwa hiyo mchezaji akikataliwa pale, kocha hampangi tena. Wiki mbili zilizopita ikawa zamu ya Wekesa kushtakiwa, na aliyemshtaki ni Mama Njeri wa chapati, mwanamke ambaye hata polisi humwamkia kwanza.

“Tangu msimu uanze hajafunga, hajampa mtu pasi ya bao,” alisema. “Kutwa anazunguka upande wa mtaro kama mtu aliyeangusha funguo. Akipata mpira anausogeza kando, kama anapitisha chumvi mezani. Mimi nikiwapikia chapati upande mmoja tu, mtakula?”

“Hatuli!” wakajibu.

Wekesa alikuwa amekaa pale pale, anatabasamu na kukwangua gundi kwenye kucha zake. Njoroge akaniangalia. “Karani, wewe ni mtu wa korti. Mtetee huyu.”

“Mimi hubeba mafaili tu,” nikasema.

“Basi beba na hili.”

Walicheka, mama. Nikaomba nipewe hadi Jumapili nyingine, na Njoroge akakubali kwa kugonga jiwe na kitana.

Lakini sikuwa mtupu. Uwanja wetu una ukuta upande mmoja, wenye kivuli, na mashabiki wote husimama hapo. Upande wa pili kuna mtaro wa maji machafu, na hakuna anayesimama huko kwa sababu ya harufu. Mimi ndiko ninakosimama. Ni wewe uliyeniambia nisiingie kwenye kundi la watu Nairobi nisije nikaibiwa simu, na nilikutii. Kwa hiyo nilikuwa nimeona jambo ambalo wao hawakuliona.

Nahodha wetu ni Odhiambo, ambaye mtaa mzima unamwita Babu ingawa hajafika miaka arobaini. Kwa sababu ya huo mtaro, timu yetu ina namba ambayo sidhani iko kwingine: beki wa mtaro. Huyo hubaki upande huo vipindi vyote viwili, kushoto halafu kulia, kwa kuwa anajua mpira unavyoruka pale kwenye kingo. Babu ameicheza namba hiyo tangu wengine wetu tukiwa shule ya msingi, na watu wanampenda sana. Sasa goti lake limechoka. Winga wa wapinzani humpita, na kila anapompita, Wekesa tayari ameshafika. Nilikuwa nikimsikia kwa sauti ndogo: “Rudi pole pole, Babu. Niachie huyu.” Ukutani hawawezi kuisikia.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza Wekesa kwa nini hasemi.

“Nikisema, Babu amekwisha,” alinijibu. “Yeye ndiye aliyenishika mkono nilipokuja. Wacha waniseme mimi. Na wewe usimtaje.”

“Na kazi yako?”

Alizima jiko, akaenda kulala.

Wiki hiyo nzima sikufaa kitu mezani kwangu kazini. Nikinyamaza, Wekesa anaondoka. Nikisema, ninamvua nguo mtu mzima mbele ya mtaa. Halafu siku moja nikapeleka faili kwa hakimu wa kweli, nikasikia mawakili wakiomba mahakama iende yenyewe ikaone shamba linalogombaniwa. Nikarudi kwenye masijala nikiwa nimetulia kwa mara ya kwanza.

Jumapili kabla ya mechi nilisimama mbele ya mawe yale. “Mheshimiwa,” nikamwambia Njoroge, “sina neno la utetezi. Ninaomba mahakama itembelee mahali penyewe. Leo tutazame tukiwa upande wa mtaro.”

“Kwenye harufu ile?” akauliza Mama Njeri. “Karani, unatushtaki sisi sasa?”

Lakini Njoroge hakuwahi kuitwa mheshimiwa na mtu anayetoka mahakama ya kweli. Akainuka. “Mahakama inavuka,” akasema, na wakavuka wote, Mama Njeri akiwa amefunika pua kwa leso yake.

Mwanzoni walitania. Kisha winga akampita Babu, na Wekesa akatokea. Akampita tena, Wekesa akatokea tena. “Niko hapa, Babu. Pumua.” Utani ukaisha mmoja mmoja. Mama Njeri aliteremsha leso, akasahau kuirudisha.

Babu naye alituona. Miaka yote hiyo hakuwahi kuwa na mtazamaji upande ule, na alielewa tumefuata nini. Alicheza hadi mapumziko. Kisha akafungua kitambaa cha unahodha mkononi mwake, akamfunga Wekesa, akamwambia kocha aingize mtu mwingine. Alikuja kusimama nasi kando ya mtaro. Mama Njeri akasema, bila kumtazama mtu: “Mimi nimeondoa kesi yangu.” Baada ya mechi Njoroge alimwachia Babu jiwe lenye mgongo. Njoroge sasa anakaa kwenye ndoo.

Sikulala kwa kuogopa nimemkosea mzee wa watu. Kesho yake nilienda kwake kumwomba radhi. Alinikaribisha chai, akanyoosha goti lake juu ya kiti.

“Karani, nilikuwa ninangoja mtu aniambie nipumzike bila kuniambia,” alisema. “Kunywa chai.”

Basi Wekesa yupo, kazi yake ipo, na mimi nina mwenzangu wa chumba. Hajafunga bao bado, na sasa hakuna anayeuliza. Namshukuru Mungu, namshukuru Babu, na zaidi ninakushukuru wewe, mama, kwa lile onyo lako. Bila lile ningekuwa ukutani na wengine, nikisema wanayosema.

Nisalimie dada yangu, umwambie asichoke kukuchotea maji. Msalimie nyanya, na mjomba dereva, na yule jirani wetu mchonga vinyago anayenikopesha redio nikiwa likizo.

Jana nilipofika mtaroni nilikuta nafasi yangu imejaa watu. Mama Njeri akasogea, akanivuta kwa mkono wa shati, akasema, “Simama hapa, Karani.” Nikasimama katikati yao. Najua ulinikataza, mama. Usihofu. Simu nilikuwa nimeiacha nyumbani.

Ni mimi mwanao, mwoga bado, lakini ameshiba,
Mutua