Simu Iliyosahau Kwamba Imefungwa

Koko mupenzi,

Nakuambia wewe peke yako: nilifungua simu ya mteja bila kujua namba yake ya siri. Huku mjini Baraka tuko wazima, mama anakusalimu.

Uliuliza kwa nini sitaki ulete simu yako kuchajiwa hapa kwenye kibanda cha tonton, mjomba wangu. Nilikuwa napangusa kioo cha ile simu ya mteja, kidole kikakandamiza tarakimu moja muda mrefu, nayo ikafunguka.

“We, iko nini?” tonton akauliza.

“Hakuna kitu, tonton.”

Niliifunga bila kusoma chochote, nikawaandikia waliotengeneza mfumo wake. Walijibu kwamba tarakimu hiyo ilijirudia mpaka ikajaza nafasi yake kwenye kumbukumbu ya simu, ikamwagikia pale inapokumbuka kuwa imefungwa. Koko, simu za aina hiyo ziko duniani kote, yako pia. Siri za watu wote hao zililindwa na kitu kidogo hivyo, na kidole changu kilikigusa.

Mpaka walizibe pengo hilo, usiache simu yako mikononi mwa mtu, wala usimwambie mtu, hata tonton akikupigia.

Mjukuu wako