Vifuniko Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Nimebadilisha maji ya chakula ya seli. Visahani tisa: vitatu M (maji hayo matupu, bila soya), vitatu K (soya kidogo), vitatu N (soya nyingi). Kabati la joto nyuzi 37, sawa. Meza ya maabara imejaa mashine mpya ya Daktari, mtafiti wetu mkuu, kwa hiyo vifuniko sikuvipanga kwa mstari kama siku zote – nimevirundika. Katikati ya kazi umeme ukakatika! Nikasimama mikono juu kama mtu anayetekwa mpaka jenereta ikanguruma. Mwanafunzi wa uzamili, yule tunayemwita Profesa Mtarajiwa, akauliza gizani kama bado niko hai. Nikamjibu mimi nipo, awaulize panya. (Seli zetu za mafuta asili yake ni panya.)

Jumatano, 5 Machi

Siku ya rangi nyekundu. Inashika mafuta tu, kwingine inaoshwa ikatoka. M: nyekundu. K: nyekundu kuliko M! N: karibu nyeupe. Daktari alipiga meza kwa furaha. Nikamuuliza soya inafanyaje. Akasema ina vitu vinavyojifanya homoni. Hapa kwenye visahani vyetu, vikiwa vichache inaonekana seli inaweka mafuta, vikiwa vingi inakataa. Sasa ni rafiki au adui? Akacheka: inategemea. Sijaelewa. Nimeandika hivyo hivyo.

Jioni nikamsimulia Mama. Nimeona kwa macho yangu, nikamwambia, mafuta yamekwisha! Akasimamisha cherehani. Akauliza soya inauzwa wapi.

Jumatano, 12 Machi

Mama anakunywa maziwa ya soya asubuhi, mchana, jioni. Anasema amekuwa mwepesi kama karatasi. Leo nikitafuta mkasi nimekuta vidonge vyake vya sukari kwenye droo anayowekea zipu. Nimevihesabu: hajavigusa tangu tarehe 6!

Nikamuuliza. Hakuona haya hata kidogo.

"Mwanangu, si wewe uliyeona kwa macho yako? Kliniki walisema sukari yangu imeletwa na unene. Unene ukiondoka, sukari itabaki kwa nani?"

Nikamwambia zile ni seli kwenye kisahani.

"Na mimi nimeumbwa kwa nini, kokoto?"

Najua hayuko sahihi. Ila ni wapi hasa hayuko sahihi – hapo ndipo ninapokwama.

Alhamisi, 13 Machi

Nimesoma nyuma humu nikitafuta maneno ya Daktari ili nimsomee Mama. Nikakuta neno langu mwenyewe: nimevirundika.

Herufi tunaziandika kwenye vifuniko, si kwenye visahani. Cha kwanza kutoka kinakuwa chini ya rundo. Ukichukua cha juu ukakirudisha kwenye kisahani cha kwanza, N inakwenda kwa M na M inakwenda kwa N! Nimejaribu kwa makopo tisa ya vifungo vya Mama, mara tano. Nikianzia kisahani cha mwisho, sawa. Nikianzia cha kwanza, kila kitu kinageuka.

Nilianzia wapi? Umeme ulikatika, ukarudi... sikumbuki. Labda soya ndiyo inayonenepesha. Labda siyo.

"Umeanza kucheza na vifungo?" Mama ameuliza. "Wenzako wa umri wako wanawaletea mama zao wajukuu."

Ijumaa, 14 Machi

Nimesema. Profesa Mtarajiwa akaninong'oneza: "Dada, ungenyamaza tu. Matokeo yalikuwa matamu." Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema tunaanza upya, na kuanzia leo herufi zinakaa chini ya kisahani. Hakufoka. Bora angefoka.

Nyumbani nikamwambia Mama huenda nilikosea, na jaribio tunalirudia.

"Huenda? Basi nasubiri hilo la pili. Seli zikinenepa kwa soya, narudi kwenye vidonge. Zikikonda, usinisumbue tena."

Nikakubali! Kwa nini nilikubali?

Alhamisi, 20 Machi

Mama ana kiu isiyokwisha. Jagi la maji liko pembeni ya cherehani. Ameniita nimtungie uzi kwenye sindano, eti taa mbovu. Taa niliibadilisha wiki iliyopita.

Nimemweleza Daktari habari ya vidonge. Akageuka ghafla. Kisahani hakina ini, hakina damu, hakina mdomo, alisema, na soya unayoiweka kwenye N sijui kama mtu yeyote anaweza kuifikia kwa kunywa. Mama yako arudi kwenye dawa leo, siyo kesho.

Nikamfikishia Mama, neno kwa neno.

"Huyo anamjua mama yako, au anajua panya?"

Twende kliniki tupime tu, nikamsihi. Hata kidoleni.

"Baada ya majibu. Tulikubaliana."

Jumatano, 26 Machi

Herufi ziko chini, kwa wino usiofutika. Nimezikagua mara nne. Rangi nimeweka saa tano na dakika kumi, nimesubiri saa nzima, nimeosha.

M nyekundu. K nyekundu zaidi. N – karibu nyeupe.

Sikukosea. Vifuniko vilikuwa mahali pake tangu siku ile ya giza! Profesa Mtarajiwa anadai nimlipe usingizi wa wiki mbili. Daktari akanishika bega: kazi safi, andika kwenye rejista. Nimeandika. Mwandiko umekwenda upande.

Hawajui kwamba tangu asubuhi nilikuwa naomba zinenepe. Mimi, miaka sita sijakosea hata nyuzi moja ya joto, nimeomba jaribio liharibike.

Nimejifungia chumba cha kubadilishia nguo. Jirani ametuma ujumbe: mama yako ameshona mkono wa blauzi kwenye tundu la shingo, tumecheka sana, yeye amecheka kuliko sote. Kisha amelala kidogo juu ya meza.

Nikimwambia kweli, haendi kliniki. Nikimwambia uongo, anakwenda leo hii, na uongo wenyewe ni neno moja tu. Lakini sijawahi kumdanganya, ndiyo maana aliniamini akavitupa vidonge kwenye droo ya zipu! Na kesho nikimwambia kweli nyingine, ataiaminije?

Simu inaita. Mama. Mara ya tatu. Najua hatasalimia. Atauliza tu: zimekonda?