Mume Wangu Anajitoa Mchezoni Kukwepa Maiki

Mpendwa mshauri, hodi, naomba unisaidie, na unisamehe mwandiko maana mtoto yuko mapajani anavuta kalamu. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, shule niliishia njiani, na mume wangu anachezea timu ya taifa ya kriketi, ni mpigaji hodari, simsifu kwa sababu ni wangu, hata wapinzani wanajua.

Shida si mpira, mshauri, shida ni maiki. Mchezo ukiisha, nahodha na mchezaji bora wa siku wanasimamishwa mbele ya kamera na kuulizwa maswali kwa Kiingereza. Mwaka jana nahodha aliumia, mume wangu akashika nafasi yake kwenye fainali, basi akaandikiwa maneno na mwenzake akawa anayakariri, anazunguka chumbani ameshika chupa ya maziwa ya mtoto ndiyo maiki, mtoto analilia chupa yake, baba mtu anashukuru mashabiki. Nikamwambia, "Baba, na mkifungwa je? Kariri na ya kufungwa." Akanikata jicho, "Wewe unataka kuniletea mkosi?" Basi wakafungwa, tena vibaya, na yeye akasimama pale akamwaga maneno ya ushindi yote kama alivyoyameza, anatabasamu, anasema kombe hili ni la wananchi wote, na nyuma yake wapinzani ndio wamelishika! Video ikazunguka kila simu. Hata wifi yangu, ambaye tunakaa naye, akimkuta sebuleni anamuuliza, "Kaka, leo mmeshinda kwa kufungwa?"

Tangu siku hiyo mume wangu akianza kung'ara, akiona anaelekea kuwa mchezaji bora, anaupiga mpira juu, laini, kama anamrushia mtoto pipi, mpinzani anaudaka kabla haujagusa chini, na kwa kriketi hapo yeye ametoka. Watu wanasema bahati mbaya. Mimi namjua, mtu aliyetolewa kwa bahati mbaya hatembei vile, kama aliyetuliwa mzigo. Nilipombana akasema, "Mama watoto, bora nitoke mapema kuliko kuitwa kwenye maiki." Timu ya taifa inafungwa kwa sababu ya maiki!

Sasa wanakwenda mashindano makubwa nje, kocha amemtaka awe nahodha kamili na anasubiri jibu, na mume wangu ananibembeleza mimi nimpigie kocha nimwambie goti linamsumbua, hata ngazi hapandi. Goti gani, mshauri? Jana kampandisha mtoto mabegani mpaka ghorofa ya juu kabisa, wanaimba! Nikikataa ananuna, hali, hasemi. Nimechoka, lakini sijakata tamaa, kwa sababu akimwelezea mtoto mchezo kwa lugha yetu, chupa ileile mkononi, anaeleza vizuri mpaka mimi nisiyejua kitu naelewa kwa nini walifungwa. Nimpigie kocha au nisimpigie?

Mimi, Mke wa Nahodha Mtarajiwa

JIBU

Binti yangu, simu hiyo usiipige. Ukimsemea uongo wa goti leo, kesho atakutuma useme mgongo, na mwisho utauguza mwili mzima wa mtu mzima wa afya. Akinuna, mwache anune. Njaa itamrudisha mezani.

Pole kwa kuchekwa, na huyo wifi yako mwambie kaka yake si kichekesho cha sebuleni. Lakini mumeo naye anaudhi! Kiingereza hakikumwaibisha. Hata kwa lugha yetu, aliyemeza hotuba ya ushindi angeitapika hiyohiyo. Kosa lake ni kukariri jibu kabla ya kusikia swali. Na kujitoa makusudi si kuona haya, ni kuwasaliti wenzake wanaokimbia juani wakidhani wako pamoja naye. Hilo akamwambie kocha mwenyewe, kwa kinywa chake. Kocha akiamua kumnyima unahodha, na amnyime kwa ukweli, si kwa goti la kusingiziwa.

Akiachiwa unahodha, aombe mkalimani. Wapo manahodha wanaojibu kwa lugha zao, mkalimani kando, na hakuna anayewaona wajinga. Wakimwambia mkalimani hakuna, basi ajifunze kusema ukweli mfupi kwa Kiingereza: tumefungwa, wenzetu walikuwa bora, tutajirekebisha. Huo hata wewe uliyeacha shule njiani unaweza kujifunza pamoja naye. Kingine ataongeza polepole, maana lugha haiji kwa siku moja.

Na wewe una kazi. Jioni mkalishe, muulize kama mwandishi wa habari: ilikuwaje leo? Usimsaidie neno. Anza na ile fainali waliyofungwa, aieleze mpaka iache kumuuma.

Ila kwanza, leo hii, hiyo chupa mrudishieni mtoto.