Nyanya za Barazani

4 Machi

Mwanangu, kitinda mimba wangu,

Hujambo? Umeamkaje na hilo goti? Mimi mzima, ila usingizi umenihama. Baba yako mkubwa anakohoa kama kawaida yake, kuku wazima, paa bado halijavuja.

Barua yako nimeipata. Kurasa mbili umeniandikia habari za miche ya nyanya uliyopanda kwenye ndoo za rangi, goti umelipa mstari mmoja. "Linaendelea." Linaendelea kwenda wapi? Mwenzako mnayebandika naye vigae alipita huku, kanisimulia yote: ulivyoteleza kwenye ngazi na boksi la vigae begani, ulivyobebwa, unavyoshinda kitandani ukitazama dari. Mbona hukuniambia? Mimi ni mama yako au mpangaji mwenzako?

Rudi nyumbani. Fundi wa vigae kazi yake ni kupiga magoti. Goti likikataa, huko unakaa kufanya nini? Huku nitakukanda kwa maji ya moto, utakula ushibe. Na usiniambie nyanya. Nyanya hata huku zipo.

Mama yako anayekuwaza


17 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini kikohozi cha baba mkubwa hakijawa wimbo wa nyumba nzima. Habari za goti ni hizi: nilikuwa na mikongojo miwili, nimebaki na mmoja. Umeridhika?

Mama, usinirudishe. Nikirudi sasa narudi kama mzigo. Nilikuwa sina sababu ya kuvuka mlango mpaka nilipopanda hizi nyanya. Ndoo nne ziko barazani. Asubuhi natoka kuziangalia, basi nimeshatembea.

Tuwekeane sharti. Nyanya zikinifia, nakuja, sibishani. Zikizaa, uniache.

Sasa nisaidie, maana majani yameanza kujikunja. Yanajiviringa kama mkeka. Nifanyeje?

Mwanao, kitinda mimba


9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sijapata jibu. Unaumwa? Kama unaumwa nami unanificha, tutakuwa sawa, lakini usifanye hivyo.

Majani yamezidi. Jirani yangu dereva wa lori anasema nizitupe nipande maua. Nimemwambia kwamba mama yangu alianza kulima nyanya yeye hata baiskeli hajaijua. Tafadhali, hata mstari mmoja.

Mwanao


15 Aprili

Mwanangu,

Tulia, siumwi. Huku wote tuko salama.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata mapema tu, na jibu nilikuwa nalo. Nikaiweka chini ya mto, nikajisemea: nikinyamaza zitakufa zenyewe, mtoto atakuja. Lakini kila nikiingia kwenye nyanya zangu naona haya, kama vile zinajua. Sasa umeniuliza "Unaumwa?" nimeshindwa. Nikasirikie baadaye, kwanza sikiliza.

Majani ya nyanya hujikunja kwa sababu nyingi. Tazama yaliyojikunja ni yapi. Kama ni ya chini, bado ya kijani, na ukiyashika ni magumu kama karatasi, huo si ugonjwa. Mmea unalalamikia maji au jua kali. Lakini kama ni ya juu kabisa, madogo, yana umanjano pembeni, na mche umedumaa, utikise. Vikiruka vidudu vyeupe kama unga uliopeperushwa, huo hauponi. Ung'oe, ufunge kwenye mfuko. Usiuonee huruma, utawaambukiza wenzake.

Halafu chomeka kidole kwenye udongo, kizame chote. Ukikuta tope, mwanangu, unazizamisha. Na chini ya ndoo ulitoboa matundu?

Mama yako, mwenye haya zake


28 Aprili

Mama,

Shikamoo, na nimekusamehe. Nimecheka mpaka mshona viatu wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Matundu nilitoboa. Halafu nikayaziba. Maji yalikuwa yanachafua vigae vya baraza ya mama mwenye nyumba, nami adui yangu mkubwa duniani ni maji yanayovuja. Nikachukua ile saruji tunayozibia mianya ya vigae, nikaziba kifundi. Hata tone halipiti. Kazi safi kabisa, mama, ungeiona ungenisifu.

Tena si hilo tu. Nilipokuta tope nikakaa mlangoni kuchunguza. Dereva wa lori akapita na kopo la maji, akazimwagia.

"Kumbe ni wewe?" nikamwuliza.

"Mimi na nani tena?"

Mama mwenye nyumba naye humwagia akimaliza kufua. Mshona viatu humwagia akirudi kutoka kazini. Kila mmoja alijisemea, "Maskini, na mguu ule, ndoo ya maji ataiweza?" Na kila mmoja alifanya kimyakimya nisije nikaona aibu. Mimi nami namwagia juu yake. Zilikuwa zinakunywa huruma ya nyumba nzima.

Nimewaambia kuanzia sasa namwagia mimi peke yangu. Mama mwenye nyumba kashika kiuno: "Haya, bwana mkulima! Tukikukuta umeanguka na kopo, tukuokote au tukuache?"

Nikazilaza ndoo kuzitoboa upya. Nilitoboa ya kwanza, nikatoboa ya pili, na nilipotaka kuinuka ndipo nikagundua kwamba nimepiga goti. Mama, lilikuwa limekunjika! Liliuma, lakini limekunjika.

Mche mmoja ulikuwa na vile vidudu vyeupe. Nimeung'oa.

Mwanao


1 Juni

Mama,

Shikamoo. Habari za huko? Mimi sijambo, mkongojo nimemwazimisha mtoto wa jirani aangulie mapera.

Miche mitatu imepona. Yale majani ya zamani yamebaki vilevile yamejikunja, lakini mapya yamenyooka, na vinyanya vimeshika, vya kijani, vigumu kama kokoto.

Jana mkubwa wetu wa kazi alikuja. Amepata kazi ya kubandika vigae vya ukutani kwenye jiko la nyumba moja. Kazi ya kusimama, na ngazi kidogo. Ya sakafuni atafanya mwenzangu. Anataka jibu.

Nimefikiri sana, mama. Sharti letu lilisema nyanya zikifa narudi. Na mmoja umekufa. Naona nimeshindwa, na muungwana hutimiza neno lake. Niambie nije lini.

Mwanao


8 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi kwako na kwa hao wanyweshaji wako wote. Sisi wazima.

Barua yako ilinifurahisha hata nikaanza kufagia chumba chako. Katikati ya kufagia nikasimama na ufagio mkononi. Nikasema, ah, huyu namjua, nimemzaa mimi. Huyu hajashindwa sharti. Huyu anaogopa ngazi.

Mimi pia naiogopa. Lakini hoja yako haisimami. Tulisema nyanya, hatukusema nyanya moja. Na ule mche mimi ndiye niliyekuambia uung'oe, sasa nitadaije ushindi kwa mkono wangu mwenyewe? Mitatu inazaa. Umeshinda, baba, hata kama hutaki.

Kwa hiyo nasema, na moyo unaniuma kulisema: kaa. Mwambie mkubwa wako ndiyo. Bandika safu ya kwanza. Goti likigoma, shuka, pumzika, safu ya pili itakungoja. Maboksi wabebe wengine. Usijifanye dume, unanisikia? Na ikikushinda kabisa, basi utakuja, na hakuna atakayekuita mzigo nikiwa hai.

Lakini jaribu kwanza.

Mimi sasa siji kukuchukua, nakuja kukutembelea. Vinyanya vikianza kuiva niandikie, nipande basi. Kabla sijakaa unipeleke kwenye hilo jiko. Nitapitisha kiganja ukutani kote, na nikikuta kigae kimoja kimekaa upande, nitakusema mbele ya mkubwa wako.

Mama yako